Mgeni Apewaye Jembe Siku ya Kwanza: Mazoezi ya Ualimu Katika Shule za Kariakoo

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapofunga masomo yao na shule zinapofunguliwa tena mnamo Julai, shule zilizo kandokando ya mitaa ya Uhuru, Lumumba na Msimbazi, ambazo biashara ya Kariakoo imezizunguka pande zote, hupokea vijana waliovaa mashati yaliyopigwa pasi kwa uangalifu, wenye barua ya chuo mkononi na daftari la maandalio kwapani, ambao wanafunzi huwatambua kabla hawajafungua vinywa na kuwaita walimu wa fildi. Ni wanachuo wa ualimu, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, au wa chuo chake kishiriki cha elimu, DUCE, kilichoanzishwa mwaka 2005 katika majengo ya kilichokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe, mwendo mfupi tu kutoka sokoni. Nao wamekuja kutimiza sharti ambalo hakuna anayehitimu ualimu bila ya kulitimiza, yaani mazoezi ya kufundisha.

Kwa muda wa miezi miwili hivi vijana hawa watapewa vipindi, madaftari ya kusahihisha na zamu ya kusimamia mstari wa asubuhi, kisha watarejea chuoni na alama zilizoandikwa katika fomu. Lakini katika muda uo huo kuna jambo jingine linaloandikwa, lisilo na fomu wala mhuri, nalo ni hukumu anayoitoa kijana mwenyewe moyoni mwake juu ya kazi hii: ama ni kazi ya heshima anayoweza kuitumikia umri wake wote, au ni mahali pa kungojea tu mpaka riziki nyingine itakapofunguka. Imani yangu, ambayo nataraji kuithibitisha katika makala haya, ni kwamba hukumu hiyo hutegemea kuliko jambo lolote kama kijana alipata mwalimu mzoefu aliyeketi naye, akamtazama akifundisha, akamsahihisha kwa staha na kumfunulia siri za kazi. Na kwamba jambo hilo kubwa, ambalo hatima ya watoto wetu wengi imefungamana nalo, tumeliacha liwe la bahati.

Asidhani msomaji kwamba kijana huyu anauanza ualimu siku anaposhika chaki. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha katika kitabu chake Schoolteacher cha mwaka 1975 kwamba mwanafunzi wa nchi yake, hadi anapomaliza sekondari, amekwisha kukaa mbele ya walimu kwa saa zipatazo 13,000, na kwamba katika saa hizo amejifunza ualimu wa namna yake bila ya kukusudia. Kwetu sisi njia ya kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita ilikuwa ya miaka 13, na kijana aliyeipita anajua vyema jinsi mwalimu anavyoingia darasani, anavyolinyamazisha kwa jicho tu, anavyoandika tarehe pembeni mwa ubao na anavyomwadhibu mchelewaji. Asichokijua ni yale yaliyofanyika nyuma ya pazia: jinsi mwalimu yule alivyolipanga somo usiku, kwa nini aliuliza swali hili kabla ya lile, na kwa nini siku fulani aliamua kumsamehe mkosaji. Aliyaona matendo, wala hakuziona nia zake.

Chuo hujitahidi kumfundisha nia hizo. Humweleza saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu na mbinu za kumshirikisha mwanafunzi, kwa maana mitaala yetu ya sekondari tangu mwaka 2005 imesimama juu ya msingi wa kujenga umahiri, unaomtaka mwanafunzi atende na afikiri badala ya kukariri. Humzoeza kugawa dakika 40 za kipindi katika hatua zake, kuanzia utangulizi mpaka hitimisho, na kuliandika andalio la somo kwa mistari iliyonyooka. Kisha kijana huyu hukabidhiwa darasa, na hapo ndipo maarifa mapya ya chuo na mazoea ya kale ya dawatini hukutana, kila upande ukidai kumtawala.

Ugeni wa kati ya jiji

Kati ya jiji mkutano huo huwa mgumu kwa namna yake. Mwongozo wa serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi na 40 kwa sekondari, lakini tangu ada ilipofutwa katika shule za msingi mwaka 2001, na hatimaye elimu bila malipo ilipofikishwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wamemiminika shuleni kwa wingi ambao ni neema kwa taifa na ni mtihani kwa mwalimu. Na si ajabu kijana aliyepanga kuwaketisha wanafunzi katika makundi ya watano watano akute hapana hata nafasi ya kupita kati ya dawati na dawati. Nje ya dirisha, vipaza sauti vya wauza nguo na vyombo havipumziki, mikokoteni hugongana, na magari ya mizigo hupiga honi. Baadhi ya watoto walioketi mbele yake wameachwa kituoni asubuhi na makonda wasiotaka abiria wa nauli ya mwanafunzi, na wengine, kengele ya mwisho ikilia, watakwenda kumsaidia mama mezani pake pa biashara mpaka usiku. Hakuna mhadhara unaoweza kumtayarisha mtu kikamilifu kwa hali hiyo. Mwenyeji anayeijua ndiye awezaye kumwongoza ndani yake.

Katika sekondari huongezeka mashaka ya lugha. Mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza katika karibu kila somo, na mwanachuo, ambaye mwenyewe alipita njia hiyo hiyo, huambiwa afundishe kwa Kiingereza mbele ya nyuso zinazomtazama kwa adabu pasi na kufahamu. Akieleza kwa Kiswahili, macho ya watoto hung'aa, naye huhofu asikutwe na msimamizi. Akishika Kiingereza, humaliza somo lililo sahihi kwenye karatasi ilhali darasa limebaki lilipokuwa. Kijana akiachwa peke yake na tatizo hili, yamkini atajiona hana kipawa; akimpata mzoefu wa kumwonyesha jinsi ya kufafanua dhana kwa Kiswahili kwanza, kuyafunza maneno ya Kiingereza machache machache, kisha kuwataka wanafunzi wayatumie, atalijua tatizo kuwa ni la nchi nzima na kwamba ufundi wa kulipunguza upo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanachuo wa mazoezi aghalabu hazipati siku mbili hizo. Hufika, husaini kitabu cha wageni, hupelekwa kwa mwalimu wa taaluma, na kabla ya saa sita mchana amekwisha kukabidhiwa vipindi vyote vya mwalimu fulani, ambaye humshukuru Mungu kwa msaada huo na kwenda kuyashughulikia mambo mengine yaliyomsonga. Wala simlaumu mwalimu huyo. Ana madaftari mia kadhaa ya kusahihisha, mshahara wake humlazimu kutafuta riziki ya pembeni, na hakuna barua iliyomteua kuwa mlezi, wala kipindi alichopunguziwa, wala posho, wala tamko lolote la kumwambia kwamba kumlea mwalimu mpya ni kazi kama kazi nyingine. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana hujifunza somo la kwanza la ualimu, nalo ni kwamba mwalimu hufanya kazi peke yake, na kwamba akizama hakuna atakayejua.

Msimamizi kutoka chuoni naye huja mara chache, mara nyingi kwa ghafula, huku habari za kuja kwake zikiwa zimekwisha kusambaa kwa simu kutoka shule hadi shule. Huketi nyuma na fomu yake, akapima utangulizi, zana, sauti, matumizi ya ubao na usimamizi wa darasa, kisha hutoa nasaha za dakika chache na kukimbilia shule nyingine, kwa sababu orodha yake ni ndefu na foleni ya magari haimsubiri. Siku hiyo mwanachuo hufundisha kwa ajili ya msimamizi, na wanafunzi, ambao kwa huruma yao ya ajabu hufahamu kwamba mwalimu wao yumo katika mtihani, huinua mikono yote. Ni siku njema, lakini haitoi picha ya siku nyingine, na alama ipatikanayo hapo haiwezi kutuambia kama kijana anaipenda kazi au anaihofu.

Fimbo iliyo karibu

Katika upweke huo mazoea ya kale hushinda, na ushahidi wake hauko kwetu tu. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kimarekani Wayne Hoy aliwapima wanachuo wa ualimu kabla na baada ya mazoezi, akakuta kwamba walirejea wakiwa na fikra kali zaidi juu ya kuwatawala wanafunzi kuliko walizokwenda nazo. Na mwaka 1981 Kenneth Zeichner na Robert Tabachnick waliuliza, katika makala iliyojulikana sana, kama mafunzo ya chuo huoshwa yote na uzoefu wa shule, au kama chuo chenyewe nacho kina sehemu yake katika lawama hiyo.

Kwetu swali hili lilipata sura ya kuumiza Oktoba 2016, zilipoenea picha za video zikiwaonyesha wanachuo waliokuwa katika mazoezi wakimpiga vibaya mwanafunzi wa shule moja ya sekondari ya kutwa jijini Mbeya. Taifa lilighadhibika, na lilikuwa na haki. Kanuni za viboko za mwaka 2002 hazimruhusu kila mwalimu kushika fimbo: huitaka iwe kwa makosa makubwa, isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe katika daftari maalumu. Lakini ghadhabu ilipotulia, swali lililostahili kuulizwa lilibaki: vijana wale walijifunza wapi kwamba hivyo ndivyo mwalimu anavyoilinda heshima yake? Kosa lao ni lao, wala haliwezi kupunguzwa. Ila mtu mgeni, mwenye hofu, asiye na mlezi, aliyezungukwa na watu wanaoamini kwamba darasa lisilochapwa halitawaliki, ataiokota silaha iliyo karibu naye. Nami nasema kwa yakini kwamba kijana yule yule, akiwekwa karibu na mwalimu anayelitawala darasa la watoto mia kwa maandalizi, kwa kuyajua majina yao na kwa sauti isiyopandishwa, ataipata silaha nyingine, ataitumia miaka 35 ya utumishi wake, na kila mtoto atakayepita mikononi mwake atafaidika nayo.

Tuliyokwisha kuyajaribu

Nchi yetu si mgeni wa jambo hili la kumfunza mwalimu akiwa shuleni. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote waingie shule ya msingi kabla ya mwisho wa 1977, vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha, ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza elimu ya msingi, wakawekwa katika shule za vijijini, wakifundisha saa chache kwa siku na kujifunza saa nyingine, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa msaada wa walimu waliotangulia. Zaidi ya 30,000 walipata ualimu kwa njia hiyo. Watu waliwacheka, na jina la mwalimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, likawa la dharau. Hata hivyo wengi wao walidumu katika kazi mpaka kustaafu, na walikuwa na jambo moja ambalo mwanachuo wa leo hana, nalo ni muda mrefu wa kuwa mwanafunzi na mwalimu kwa pamoja, katika jamii iliyowajua kwa majina.

Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002, tulijaribu tena kwa namna nyingine: mafunzo ya cheti yakagawanywa, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Fikra ilikuwa njema, kwani mwaka mzima ungemwezesha kijana kuuona mwanzo wa darasa na mwisho wake, lakini shule zilikuwa zimefurika na wenye kumwongoza walikuwa wachache, kwa hiyo mwaka wa kujifunza ukageuka kuwa mwaka wa kuziba pengo, na utaratibu huo ukaachwa. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi katika muongo ule ule, wakachukuliwa wahitimu wa kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha, na wananchi, wakiufananisha wepesi huo na wa kuongeza muda wa maongezi kwenye simu, wakawaita walimu wa Voda Fasta. Vijana hao hawakuwa na hatia. Walipewa kazi ya watu wazima bila ya kupewa watu wazima wa kuwaongoza.

Nikiyatazama majaribio yote matatu, naona kwamba urefu wa muda ni jambo la pili. La kwanza ni nani aliyekuwapo pale.

Jambo hili mtu wa Kariakoo hahitaji kulitafuta vitabuni. Katika vibaraza vya mitaa yake, fundi cherehani humpokea mwanagenzi na kumweka kwanza kwenye vifungo na pindo, akiwa karibu kiasi cha kuona mkono wake, na hampi kitambaa cha mteja akikate mpaka amemwona akikata vitambaa vya bure mara nyingi. Kwa sababu fundi anajua kwamba kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Tunamlindia mteja kitambaa chake kwa uangalifu huo, ilhali darasa la watoto tunalikabidhi kwa mwanagenzi siku ya kwanza na fundi akaondoka.

Hata hivyo uanagenzi peke yake hautoshi, na onyo hili alilitoa John Dewey tangu mwaka 1904, aliposema kwamba mazoezi yanayolenga ustadi wa mkono tu humfanya kijana aige kwa haraka yale anayoyaona, mema na mabaya, na kumfungia mlango wa kukua baadaye. Mlezi anayehitajika ni yule atakayemwonyesha kijana namna ya kufanya, kisha akamwuliza kwa nini imefanywa hivyo, na akaridhia kuulizwa naye. Walimu wa namna hiyo wapo katika jiji hili. Katika Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, pale pale katika viunga vya Kariakoo, ambapo watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma, mwalimu hawezi hata kidogo kutegemea ubao na sauti kubwa. Hulazimika kumfikiria kila mtoto peke yake, anachoweza kugusa, anachoweza kusikia, na njia itakayomfikishia maana. Mwanachuo akiketi huko kwa wiki moja tu, hata kama somo lake ni Hisabati ya kidato cha tatu, nina hakika atarudi akiwa na fikra nyingine kabisa juu ya maana ya kufundisha.

Upendo wa kazi na mashaka ya ajira

Atatokea mtu aseme kwamba moyo wa kijana wa leo hauvunjwi na mazoezi, bali na ajira, na maneno yake yana ukweli. Zimepita zama ambazo mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo karibu mara tu baada ya kumaliza. Leo wahitimu ni wengi kuliko nafasi, tangu Januari 2025 waombaji wa ualimu serikalini wamekuwa wakifanyiwa usaili, na wako waliojitolea shuleni kwa miaka wakingoja majina yao yatoke. Mwanachuo anayafahamu haya yote anapoingia darasani, na posho yake ya mazoezi kutoka Bodi ya Mikopo ikichelewa, huanza wiki ya kwanza kwa deni la nauli na chakula. Katika hali hiyo ni rahisi kuyachukua mazoezi kuwa mlango wa kupitia tu.

Lakini nionavyo mimi, hiyo ni hoja ya kuyatengeneza mazoezi zaidi, wala si ya kuyapuuza. Kijana asiyeahidiwa kazi hana kitu cha kumbakiza katika ualimu isipokuwa kuuonja utamu wake mwenyewe: saa ile ambayo mtoto aliyekuwa akikwepa macho yake anainua mkono na kujibu, na mwalimu anajua kwamba jibu lile limetokana na kazi yake. Taifa hili lilimpa kiongozi wake mkuu jina la Mwalimu, mtu aliyesomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na Pugu, na akaiacha chaki mwaka 1955 kwa sababu ya harakati za chama cha TANU za kudai uhuru. Na hakupata kulionea haya jina hilo. Heshima ya namna hiyo haiwezi kurithishwa kwa hotuba za sikukuu. Huingia moyoni mwa kijana anapomwona, kwa macho yake, mtu anayeistahili.

Kwa hiyo nasema haya kwa wenye mamlaka, kwa vyuo na kwa wakuu wa shule wa jiji letu. Kila mwanachuo apewe mlezi mmoja kwa jina, aliyeteuliwa kwa barua, aliyepunguziwa vipindi katika miezi hiyo, na ulezi huo uandikwe katika kumbukumbu zake na Tume ya Utumishi wa Walimu iuhesabu anapopandishwa daraja, kwa maana kazi isiyohesabiwa hufanywa na wenye ikhlasi tu, na ikhlasi nayo huchoka. Wiki ya kwanza iwe ya kutazama na kusaidia, na vipindi viongezwe kidogo kidogo. Mwanachuo aitwe katika vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambamo walimu hujadiliana matatizo ya kufundisha, ili aone kwamba hata mwenye miaka ishirini kazini bado anauliza. Msimamizi wa chuo akija, asiondoke kabla ya kuketi na mlezi na mwanachuo pamoja, kwa kuwa mlezi ndiye aliyemwona kijana katika siku zisizo na mtihani. Na posho itoke kabla ya safari.

Mengi ya haya hayahitaji jengo jipya wala mkopo wa nje. Yanahitaji tukubali kwamba mwalimu hulelewa na mwalimu, na kwamba anayelea anafanya kazi ya serikali na ya umma kama yule anayefundisha. Shule zetu za Kariakoo, zenye watoto wengi, kelele nyingi na walimu waliokomaa katika mazingira hayo, zinaweza kuwa mahali bora pa kuulea ualimu nchini, kwa sababu atakayeweza kufundisha hapo na akaipenda kazi yake ataweza kufundisha popote Tanzania. Julai ijayo vijana wengine watabisha hodi na barua zao. Kila mkuu wa shule na aanze sasa kuandika, mbele ya kila nafasi ya mwanachuo atakayempokea, jina la mwalimu atakayekuwa naye.